Kamba ya Mita Hamsini

Kabiru alifika kwetu Bokoli saa nane mchana, amevaa shati jeupe nililomchagulia mimi mwenyewe kule Kitale. Nilipomwona akishuka kwenye bodaboda pale langoni, moyo wangu ulifanya upuuzi wake wa kila siku. Ulifurahi. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike ndugu yangu Kizito, macho yamenivimba, kichwa kimenyolewa asubuhi hiyo na shangazi kwa wembe mkavu, na bado moyo ukafurahi kwa sababu mtu fulani ameshuka kwenye bodaboda. Niliuonea aibu.

Hakunipa mkono. Alisimama mbele yangu, akaangalia kichwa changu, kisha akaniangalia machoni.

"Pole, Nanyama."

"Naonekana mbaya, si ndiyo?"

"Naona wewe tu," alisema. "Hizo nywele zitarudi."

Nilitaka kumwegemea. Lakini wanawake wa kwetu walikuwa wameketi kwenye mikeka mpaka karibu na lango, na macho yao yalikuwa mgongoni mwangu. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akaelewa.

"Mzee yuko?" aliuliza.

"Anakungoja tangu asubuhi."

Mzee ni Nyongesa, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, na tangu baba afariki yeye ndiye sauti ya nyumba yetu. Kwetu, siku ya kunyoa nywele watu huketi chini na kifo husimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye neno analisema hapo, mbele ya wote, halafu jambo linafungwa. Baba mkubwa Nyongesa alikuwa ameniita kando usiku wa matanga akaniambia waziwazi, bila kupindapinda. Huyo kijana wako wa Kitale ndiye aliunda nanga. Wenzake Kizito wa boti wanasema nanga iliburuta, haikushika chini. Sasa aje aseme kwa mdomo wake. Nanga ikiwa safi, alete watu wao mwezi wa nane, tutawapokea. Ikiwa nanga yake ndiyo ilituulia mtoto, binti wa hapa hawezi kumpikia.

Kwa hivyo ndoa yangu ilikuwa imening'inia kwenye kipande cha chuma.

Nitasema jinsi tulivyofika hapo. Kizito na wenzake wawili walikuwa na boti ya injini, wakibeba abiria na mizigo kwenda visiwani katika Ziwa Viktoria. Injini ndiyo ilikuwa mali yenyewe, na wezi wa injini kule ufukweni hawalali. Ukiacha boti mchangani, asubuhi unakuta boti bila injini. Ikabidi mmoja alale ndani ya boti, mbali kidogo na nchi kavu, nanga chini. Zamu nyingi zilikuwa za Kizito kwa sababu ndiye pekee hakuwa na mke. Nanga yao ya kwanza ilikuwa jiwe lililofungwa kwa waya.

"Silali, Nanyama," aliniambia siku moja kwa simu. "Kila saa naamka naangalia kama bado tuko pale tulikuwa. Hilo jiwe linatembea kuliko mimi."

Mimi nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja Kitale, na mtaa wa pili kulikuwa na karakana ya Kabiru. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi yake kubwa ilikuwa plau na trela za wakulima, lakini kabla ya hapo alikaa miaka miwili Kisumu kwa watu wanaounda boti, na mambo ya nanga aliyajua vizuri. Nilimjua kwa sababu alikuwa akija dukani kununua mbegu ya sukuma wiki mara mbili kwa wiki, na hakuwa na shamba. Basi nilimpeleka ndugu yangu kwa mtu niliyempenda, nikajiona nimefanya jambo la maana.

Kabiru alimuundia nanga kutoka kwa vyuma vya plau kuukuu, mabawa mawili mapana na mnyororo wa mita mbili. Kisha akamnunulia kamba mpya ya buluu, mita hamsini, akaipiga alama ya rangi nyekundu kila baada ya mita kumi. Nyuma ya karakana kulikuwa na kishamba kilichotoka kulimwa. Akaitupa nanga mle kwenye udongo.

"Shika kamba hapa, karibu," alimwambia Kizito. "Vuta."

Kizito alivuta. Nanga iliinuka, ikaruka juu ya matuta ikimfuata.

"Ona. Kamba fupi inainua nanga. Sasa enda mbali, mpaka kule kwa ua. Vuta tena."

Kizito akaenda mpaka uani, akaiweka kamba begani na kuvuta kwa nguvu zake zote. Nanga ilizama kwenye udongo. Alivuta mpaka kiatu kikateleza akaanguka kifudifudi, nami nilikuwa nimeketi juu ya ndoo nikicheka mpaka machozi.

"Kamba ndefu inailaza chini," Kabiru alisema, akimpa mkono ainuke. "Inauma udongo. Maji yakiwa mita sita, wewe toa mita arobaini na mbili, mara saba. Usitupe nanga, iteremshe polepole. Acha boti irudi nyuma, halafu rudi nyuma kidogo kwa injini uone kama imeshika. Chagua vitu viwili huko nchi kavu, mti na paa la kanisa, vikae laini moja. Ukiamka ukute bado viko laini moja, rudi ulale."

"Na hii kamba yote bana!" Kizito alijipangusa udongo mdomoni. "Mimi nataka kulala, sitaki kufunga ndovu."

"Utanishukuru siku ya upepo."

Kizito aliondoka Jumamosi, akapitia nyumbani kumwona mama, kisha akaenda ziwani. Wiki iliyofuata alinipigia simu akicheka. Alikuwa amelala usingizi mzito mpaka jua likamchoma uso. "Mwambie shemeji nanga yake ni ya ukweli," alisema. Alimwita Kabiru shemeji kabla yetu sisi kuthubutu.

Wiki ya tatu upepo ulikuja. Boti ilikutwa imepasuka kwenye mawe, nanga bado imening'inia. Kizito alipatikana siku ya pili yake. Wenzake walileta mwili, jaketi lake na ile nanga na mnyororo wake, kamba ikabaki kule, wakasema neno moja: iliburuta.

Sasa nanga ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala letu la mahindi, na hakuna mtu aliyetaka kupita karibu nayo. Kabiru alienda moja kwa moja akapiga magoti mbele yake. Alipitisha kidole kwenye kila mshono aliouchomelea, akaupima mnyororo pete moja baada ya nyingine. Nilisimama kando yake nikiomba kimoyomoyo, maombi yasiyo na adabu, kwamba chuma kiwe kizima hata kama ndugu yangu amekufa.

"Haijapinda," alisema kwa sauti ya chini. "Nanyama, angalia. Hakuna ufa hata moja. Hii nanga haikushindwa."

"Sasa mbona iliburuta?"

"Sijui. Lakini hii nitaonyesha mzee aone na macho yake." Akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona uso wake umelegea. "Mwezi wa nane si mbali. Mama yangu ameshaanza kuuliza ati kwenu mnapenda chai ya aina gani."

"Mwambie ya majani mengi."

"Na mama yako? Bado anauliza rika langu?"

Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kwa mama yangu Phelista mwanaume hujulikana kwa rika alilotahiriwa nalo, na aliposikia Kabiru alitahiriwa hospitalini, tena kwa kudungwa sindano ya ganzi, alikaa siku mbili akitikisa kichwa. "Anauliza," nilisema. "Lakini kabla ya msiba alisema angalau una mikono ya kazi."

Tukaitwa.

Chini ya tenti watu walikuwa kama arobaini. Baba mkubwa Nyongesa aliketi kwenye kiti cha mikono, wazee wengine kando yake, na Kabiru akapewa kiti cha plastiki katikati, peke yake. Mimi niliketi mkekani pamoja na wanawake, tukitazamana naye moja kwa moja.

Mama ndiye alianza, kwa kuwa ndiye alikuwa wa mwisho wa nyumba yetu kumwona Kizito akiwa mzima. Alisimama akishikilia nguzo ya tenti. Miguu yake ni mibaya tangu zamani.

"Mtoto wangu alikuja Jumamosi," alisema. "Alikuja na furaha. Alikula ugali na kuku, akaniambia mama, sasa nimepata nanga, sasa nitakuwa nalala. Hiyo jioni ng'ombe ilikata kamba yake ya katani ikaingia kwa mahindi ya jirani yetu Makokha. Nikaanza kukimbia nayo na hii miguu. Kizito akaniambia, mama, kaa chini. Usikimbizane na ng'ombe tena. Akachukua kamba yake mpya akaikata katikati na panga."

Niligeuka kumtazama mama.

"Nikamwambia, we Kizito, si hii ni ya kazi yako? Akacheka. Akasema ni ndefu sana mama, fundi amenipatia ya kufunga ndovu, nusu itanitosha." Mama alinyoosha mkono kuelekea uani, na watu wote wakageuka. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti wa parachichi, akila majani ya ndizi bila wasiwasi. Kamba ilikuwa ya buluu, yenye alama za rangi nyekundu. "Ile pale. Ndiyo kitu ya mwisho mtoto wangu alinipatia. Asubuhi nikiishika kupeleka ng'ombe majini, naona kama ni yeye amenishika mkono. Hiyo kamba mtanizika nayo."

Wanawake walianza kulia upya. Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama Kabiru, na Kabiru alikuwa anaitazama kamba. Niliona midomo yake ikitikisika kidogo, akihesabu alama. Kamba nusu, upepo mkali, nanga ikainuliwa kutoka kwenye matope vile ilivyoruka juu ya matuta ya kile kishamba mimi nikicheka juu ya ndoo. Ndugu yangu alilala kwa amani kwenye maji matulivu, akajiona ameweza, mpaka usiku wa upepo ukaja kumwonyesha. Sababu ya kifo chake ilikuwa pale uani, na mama yangu alikuwa akiipenda.

Kabiru aligeuka akanitazama.

Nimetazamwa na Kabiru mara nyingi. Amenitazama juu ya magunia ya mbegu, amenitazama nikila mahindi ya kuchoma barabarani mdomo ukiwa mweusi, amenitazama siku aliponiambia ananipenda huku mikono imejaa grisi. Hakuwahi kunitazama namna hii. Alikuwa ananiuliza. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, sentensi moja tu, ambayo ingesafisha jina lake na kunifanya mke wake mwezi wa nane. Na alikuwa ananiomba ruhusa mimi.

Nilimwangalia mama, ameshika nguzo.

Nilitikisa kichwa. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

Kabiru alifumba macho, akayafumbua.

"Kijana," baba mkubwa Nyongesa alisema. "Hii nanga ni kazi ya mkono wako?"

"Ni yangu, mzee."

"Uliijaribu kabla ya kumpatia mtoto wetu?"

"Niliijaribu."

"Hapa umekuja na miguu yako, hakuna mtu amekukamata. Kwa hivyo tuambie. Siku ya upepo, hii nanga ilishika ama haikushika?"

Nilisikia ng'ombe akitafuna.

"Haikushika, mzee."

"Makosa ni ya nani?"

Niliomba aseme upepo. Niliomba aseme Mungu. Kabiru alisugua viganja vyake magotini, viganja vile vilivyojaa makovu ya cheche za moto.

"Ni ya fundi," alisema.

Tenti yote ilivuma. Mtu mmoja nyuma alimtukana kwa lugha yetu ya Kibukusu, shangazi akapiga yowe. Baba mkubwa aliinua mkono mpaka watu wakanyamaza. Uso wake ulikuwa na kitu kama heshima, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Umeongea kama mwanaume," alisema. "Wengine wangeleta hadithi. Hatutakufanya kitu. Lakini mambo ya msichana wetu yameisha leo. Usipige simu, usitume mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Alisimama, akaenda mbele ya mama yangu, akainamisha kichwa. "Pole sana, mama."

Mama alimtazama. "Mungu akusamehe," alisema. "Mimi nitajaribu. Leo siwezi."

"Sawa, mama. Ni sawa."

Akatoka. Mimi nilijifanya naenda chooni, nikazunguka nyuma ya ghala, nikapita kwenye migomba, nikamkuta njiani ng'ambo ya ua, anatembea kwa miguu kwenda barabarani. Shati jeupe lilikuwa limeloa jasho mgongoni.

"Kabiru!"

Alisimama lakini hakugeuka mpaka nilipomfikia.

"Kwa nini umesema ya fundi?" nilimuuliza. "Ungesema hujui. Ungesema upepo!"

"Wangeuliza zaidi. Wangeita wale wenzake, wangeuliza kamba ilikuwa urefu gani. Mzee si mjinga, Nanyama. Nilitaka ifungwe hapo hapo."

"Nimekumaliza."

"Hapana."

"Nimekumaliza na kichwa changu hiki! Kesho Kitale yote itasema Kabiru anaunda nanga za kuua watu. Nani atakuletea hata plau?"

"Plau haizamishi mtu." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Akapangusa macho kwa nyuma ya mkono, haraka, kama ni vumbi. "Kama haungetikisa kichwa, nadhani ningenyamaza tu. Ama pengine ningesema. Sijui. Nakutaka sana, ningeweza kusema. Ndiyo maana nilikuangalia wewe kwanza."

Nilijishikilia kwenye mkono wake na hakuna aliyekuwa pale wa kutuona.

"Twende," alisema ghafla. "Tuondoke saa hii. Kwani lazima watubariki? Tutaishi Kitale. Watu wengi wameanza hivyo."

"Na mama?"

"Atakasirika. Halafu atazoea."

"Kabiru, nikienda na wewe, mama atalala kila siku akijua nimeolewa na mtu aliyemuulia mtoto. Atakuwa amezika wawili. Na siku moja nitachoka kuona anakuchukia. Nitamwambia. Unanijua mdomo wangu. Nitakutetea, nitasema ile kitu, na yeye ataangalia mikono yake mpaka afe."

Kabiru alikuwa anajua ni kweli. Mdomo wangu ulikuwa ndio kitu cha kwanza alichokipenda, aliwahi kuniambia, kwa sababu haukuwa na kufuli. Na sasa kufuli lilikuwa limepatikana, na ufunguo wake ni mimi kukaa mbali naye.

"Basi rudi," alisema hatimaye. "Wataanza kukutafuta."

"Utaoa?"

"Usiniulize hiyo leo."

"Utaoa tu. Mama yako hatakuacha."

"Nanyama." Alichukua uso wangu kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole gumba juu ya nyusi zangu, taratibu, vile alivyopitisha kidole kwenye mishono ya chuma akitafuta ufa. Hakunibusu. Nadhani angenibusu tusingeachana. "Kula chakula," alisema. "Umekonda. Na uache kulia jikoni, moshi utakuharibu macho."

Aligeuka akaenda. Nilingoja ageuke tena nyuma, kwa sababu kila mara alikuwa akigeuka, hata akitoka tu dukani kwetu kwenda mtaa wa pili. Alifika kwenye kona ya shamba la miwa. Hakugeuka. Miwa ikamficha.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilisikia mtu akija nyuma yangu kwa hatua za kuburuta, nikajua ni mama kabla hajasema. Alikuwa ametembea kutoka kwenye tenti mpaka njiani na miguu yake ile, akinitafuta. Alisimama karibu yangu, akatazama njia ilivyokuwa tupu, kisha akanitazama usoni.

"Nanyama," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na woga. "Ni yule mtu unamlilia? Na vile amesema mbele yetu wote?"

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa hapo, limejaa mpaka kwenye meno.

"Hapana, mama," nilisema. "Namlilia Kizito."

Uso wake ukalegea. Alinivuta kifuani kwake, kichwa changu kilichonyolewa chini ya kidevu chake, akanifunika na leso yake kana kwamba kuna baridi.

"Lia, mtoto wangu," alisema. "Hata mimi ni yeye nalilia." Akaanza kulia, nami nikamshika mpaka aliponyamaza.